HOMA YA UTI WA MGONGO NA HAKI YA MTOTO KWA WAZAZI WAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kumbukumbu ya Jumuiya



Ni ada ya sherehe kama hii kutajwa waliojenga msikiti, waliochimba kisima na waliofungua chuo, na kuombewa rehema wale waliotangulia. Hayo ni mema, na yamekwisha kusemwa na wenye kustahili kuyasema. Lakini Jumuiya haisimami kwa matofali. Husimama kwa watoto, ambao kesho ndio watakaoketi katika viti hivi. Basi maneno haya yamewekewa watoto, na khasa maradhi mamoja ambayo huweza kumchukua mtoto kwa siku mbili tatu, au kumwacha hai hali yamekwisha kumnyang'anya masikio yake. Na dawa yake ipo, yajulikana, wala si dawa ya wafalme peke yao. Maradhi hayo ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria.

Jina na maana yake

Jina lenyewe limewapoteza watu wengi. Mtu asikiapo "uti wa mgongo" hudhani ya kwamba maradhi yamo katika mifupa ya mgongo, akatafuta mafuta ya kusugua. Sivyo. Ubongo wa mwanadamu, pamoja na ule uti utokao ubongoni ukashuka ndani ya mifupa ya mgongo, umefunikwa kwa ngozi tatu nyembamba, na katika ngozi hizo hupita maji safi kama maji ya chemchemi. Maji hayo hayana walinzi wengi kama ilivyo damu. Bakteria wakipata njia ya kuingia humo huzaana kama moto katika nyasi kavu; ngozi zile huvimba, maji huingia usaha, na ubongo, ambao umo ndani ya fuvu gumu, hubanwa pande zote. Hapo ndipo yatokapo maumivu, degedege, usingizi mzito, na mwishowe mauti.

Visababishi vyake si kimoja. Hata virusi na vijidudu vya kifua kikuu huweza kuziingia ngozi hizo. Lakini kwa watoto waliokwisha kupita miezi miwili ya umri, bakteria watatu ndio waliokuwa mashuhuri kwa uuaji. Wa kwanza ni meningokoka, ambaye Daktari Anton Weichselbaum alimtambua mjini Vienna mwaka 1887. Huyu ndiye aletaye mlipuko ukaenea miji na vijiji. Wa pili ni numokoka, ambaye pia huleta nimonia, naye huua na kuacha viziwi kupita wenziwe. Wa tatu ni hemofilasi wa aina b, kwa ufupi Hib. Wote watatu hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya bila ya kuwadhuru, wakapita kwa chafya, kikohozi na mate. Ama mtoto mchanga wa siku chache, yeye aghalabu hushikwa na bakteria wengine, ambao huwapata wakati wa kuzaliwa au baadaye kidogo.

Wanavyuoni wa Kiislamu hawakuwa wageni wa jambo hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb maradhi aliyoyaita sirsam, yaani uvimbe wa moto wa ubongo na ngozi zake, akayapambanua na maradhi mengine ya kichwa. Lakini kuyajua maradhi si kuyatibu. Kwa karne nyingi tabibu aliweza kuketi kando ya kitanda akayataja maradhi kwa jina lake, asiweze kuuzuia mwisho wake.

Jinsi dawa zilivyopatikana

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika watu 10 walioshikwa na homa ya meningokoka, 7 au zaidi walikufa. Na watoto walioshikwa na Hib au numokoka walikufa karibu wote. Simon Flexner wa New York alitengeneza dawa kutokana na damu ya farasi, ikawa inadungwa katika maji ya mgongo, na mwaka 1913 alitangaza ya kwamba vifo vya meningokoka vimeshuka hata kuwa kama 3 katika 10. Kisha zikaja dawa za salfa. Ya kwanza yao ilitangazwa na Gerhard Domagk wa Ujerumani mwaka 1935, na mwaka 1937 wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo wakatibiwa kwa salfa huko Marekani. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928 na kufanywa dawa na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford, ilianza kuokoa watu katika miaka ya 1940. Mwaka 1947 ikapatikana kloramfeniko kutokana na udongo wa Venezuela, nayo ikawa tegemeo la hospitali za Afrika kwa miaka mingi, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na huingia vyema katika maji ya ubongo.

Lakini bakteria nao hujifunza. Mwaka 1977, katika mji wa Durban, Afrika Kusini, walionekana numokoka wasiouawa na penisilini wala kloramfeniko. Hib naye akaanza kuzishinda dawa za zamani katika nchi nyingi. Hapo ikahitajiwa silaha mpya, na asili ya silaha hiyo ni ya kustaajabisha. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, wa mji wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichota maji ya bahari karibu na mahali pamwagwapo maji machafu ya mji, akapata humo ukungu uuao bakteria. Kutokana na ukungu huo ilichipuka jamii nzima ya dawa ziitwazo sefalosporini, na mmojawapo wa wajukuu wa jamii hiyo ni seftriaksoni, ambayo leo ndiyo dawa ya kwanza kwa homa hii. Mwenyezi Mungu ameweka manufaa mahali ambapo mwanadamu huziba pua yake.

Namna dawa inavyofanya kazi

Mzazi huuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini sindano, wala si vidonge au dawa ya maji ya kijiko? Jibu ni hili. Baina ya damu na ubongo pana boma, ambalo Muumba ameliweka ili sumu zinazopita katika damu zisiufikie ubongo. Boma hilo halipambanui baina ya adui na rafiki. Hata dawa nyingi hulizuia nje. Wakati wa maradhi ngozi huvimba na boma likapata nyufa, na dawa hupenya, lakini hupenya sehemu ndogo tu ya ile iliyomo katika damu. Kwa hiyo hapana budi damu ijazwe dawa nyingi ili kiasi cha kutosha kivuke. Na vidonge vinywewavyo haviwezi kuijaza damu kwa kiasi hicho. Wala daktari hapunguzi kipimo mtoto aonapo nafuu, kwa kuwa uvimbe unapopungua, nyufa za boma nazo hupungua, na dawa huvuka kwa taabu zaidi.

Kipimo cha seftriaksoni ambacho Shirika la Afya Duniani limekieleza kwa watoto ni miligramu 100 kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku, ama kwa sindano moja, ama nusu asubuhi na nusu jioni. Mtoto wa kilo 8, mathalan, hupata miligramu 800 kwa siku. Hesabu hii imetajwa ili wazazi wafahamu kwa nini mtoto hupimwa uzito kabla ya kuchomwa, wala haikutajwa ili mtu akanunue chupa dukani akamchome mwanawe nyumbani. Kuna watoto ambao dawa hii haiwafai, mathalan mtoto mchanga mwenye manjano au anayetiwa maji yenye kalisi katika mshipa. Hao hupewa sefotaksimu, au ampisilini pamoja na jentamisini. Kujua nani apewe nini ni elimu ya wenyewe.

Hali kadhalika, katika nchi zenye malaria, mtoto mwenye homa na degedege huweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, nayo hufanana na homa ya uti wa mgongo kama pacha na pacha. Kwa hiyo damu hupimwa, na daktari asipoweza kuyapambanua upesi, huyatibu yote mawili pamoja. Mzazi asishangae kuona dawa mbili za maradhi mawili. Huko si kubahatisha, bali ni kufunga milango yote miwili.

Mfano wa nyumba mbili

Na upigwe mfano wa nyumba mbili za mtaa mmoja.

Katika nyumba ya kwanza mtoto wa miezi kumi na mmoja alishikwa na homa siku ya Alhamisi. Mama yake alikwenda dukani, muuza dawa akampa chupa ndogo ya antibiotiki ya maji, akampa kwa kijiko. Ijumaa homa ilipungua kidogo, na nyumba nzima ikashukuru. Jumamosi alfajiri mtoto alikataa ziwa, akawa analia kwa sauti nyembamba kila aguswapo, na adhuhuri akashikwa na degedege. Bibi wa mtoto akasema, "Mwanangu, hili si la hospitali. Degedege lina wenyewe. Likichomwa sindano, mtoto haamki." Mama akajibu, "Na mapenzi yako ndiyo, Mama," akangoja mpaka mganga atoke safari. Jumatatu mtoto hakufungua macho. Hapo ndipo baba yake alipombeba akampeleka hospitali.

Daktari alitaka kuchukua maji ya mgongo. Baba akakataa. Alikuwa amesikia ya kwamba mtoto wa jirani alichomwa sindano ya mgongo, na usiku ule ule akafa. Mwuguzi mmoja mtu mzima akaketi naye benchini, akamwuliza, "Ndugu yangu, mtoto huyo wa jirani aliletwa siku ya ngapi?" Baba akafikiri, akasema, "Ya tano." Mwuguzi akasema, "Basi aliyemuua ni nani, sindano ile au siku zile tano?" Baba akanyamaza, kisha akatia kidole gumba katika wino.

Katika nyumba ya pili mtoto alikuwa wa umri ule ule. Homa ilimshika Jumatano usiku, na kabla ya mapambazuko mama yake alipapasa utosi wake akauona umevimba na kukazana, wala mtoto hakuwa analia. Hakumngoja mtu. Alimwamsha mumewe, wakakodi pikipiki, na njiani mama akawa anasoma dua zote alizozihifadhi tangu chuoni. Kituo cha afya kilimchoma mtoto sindano ya kwanza pale pale, kikampeleka hospitali kubwa.

Watoto wote wawili waliishi. Wa pili alirudi nyumbani akicheka. Wa kwanza alirudi mzima wa mwili, lakini mama yake alipoangusha sufuria nyuma yake, mtoto hakugeuka.

Wala asiseme mtu ya kwamba mama wa kwanza hakumpenda mwanawe. Alimpenda kama mwenziwe, na alimtii mkwewe kwa adabu, na adabu ni njema. Walakini kuna saa ambayo adabu yenyewe humtaka mtu ainuke. Na yule bibi naye hakuwa mbaya. Alisema aliyoyapokea kwa waliomtangulia, zama ambazo mtoto mwenye degedege akipelekwa au asipelekwe, mwisho ulikuwa mmoja. Leo mwisho si mmoja tena, na hilo ndilo ambalo bado halijamfikia kila bibi.

Dalili za kuangalia

Mtoto mkubwa hulalamika kichwa, hutapika, huchukia mwanga, na shingo yake hukakamaa asiweze kuinamisha kidevu mpaka kifuani. Lakini mtoto wa ziwa huenda asikakamae shingo kabisa. Dalili zake ni homa, au hata mwili kuwa baridi, kukataa ziwa, kulia kwa sauti isiyo ya kawaida, kulegea na kusinzia asiamshike, utosi kuvimba, na degedege. Akiwa ameshikwa na meningokoka, huweza kutokwa na madoa mekundu au ya zambarau yasiyotoweka yakibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hayaonekani upesi, kwa hiyo na yatazamwe viganjani, katika nyayo na ndani ya kope za macho.

Dalili hizo zikionekana, haifai kungoja asubuhi. Wala haifai kumpa dawa ya kijiko iliyobaki ya ndugu yake. Dawa hiyo haiwezi kuwaua bakteria walio ubongoni, lakini huweza kuwadhoofisha kiasi cha kuwaficha, hata maji ya mgongo yapimwapo wasiweze kuoteshwa wakajulikana ni akina nani. Ni kama kumrushia mwizi jiwe gizani: hakufa, ila amejificha.

Sindano ya mgongo

Jambo hili linastahili maneno yake peke yake, kwa kuwa hofu yake imewaua wengi kuliko sindano yenyewe. Heinrich Quincke, wa Ujerumani, ndiye aliyeeleza njia hii mwaka 1891. Mtoto hulazwa ubavu amejikunja, na sindano nyembamba huingizwa baina ya mifupa ya chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma, na palipobaki ni maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea ndani yake. Hutolewa matone machache tu. Mtu mwenye afya maji yake ni safi. Mwenye maradhi haya, aghalabu hutoka ya ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Katika maabara huhesabiwa chembe nyeupe, hupimwa sukari na protini, kisha bakteria hutiwa rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884. Kwa rangi hiyo numokoka huonekana zambarau, na meningokoka mwekundu. Hivyo daktari hujua anapigana na nani, na dawa ipi itamfaa.

Kuna wakati daktari mwenyewe huiahirisha sindano hii: mtoto akiwa katika usingizi mzito na mboni za macho yake hazilingani, au pumzi yake imevurugika, au pana kidonda mahali pa kuchoma. Lakini hata hapo dawa haiahirishwi. Maji yaweza kungoja, antibiotiki haingoji.

Siku za kutibiwa

Hapa pana jaribu jingine la wazazi. Siku ya tatu mtoto huamka, huomba maziwa, na baba huanza kuhesabu gharama za kukaa hospitali, na shamba lililoachwa, na watoto waliobaki kwa jirani. Husema, "Mtoto amepona, twende zetu." Hajapona. Amepata nafuu, na baina ya nafuu na kupona pana mwendo.

Kwa desturi matibabu yalichukua siku 7 mpaka 10, na wengine walitiwa dawa kwa muda mrefu zaidi. Madaktari waliona mzigo huo walivyowalemea maskini, wakauliza: je, siku 5 zatosha? Utafiti ukafanywa kwa watoto zaidi ya 1,000 katika nchi tano, nazo ni Bangladesh, Misri, Malawi, Pakistan na Vietnam, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Watoto waliotiwa seftriaksoni kwa siku 5, wakawa wametulia, waligawanywa. Nusu waliacha, na nusu waliendelea mpaka siku 10. Haikuonekana tofauti baina yao katika kupona wala katika kurudiwa na maradhi.

Habari hii ni ya furaha, lakini na ifahamike sawasawa. Watoto hao walikuwa wamekwisha kutulia siku ya tano kwa ushahidi wa madaktari, na walikuwa wamepita umri wa miezi miwili. Haikusemwa ya kwamba kila mtoto atoke siku ya tano, sembuse ya tatu. Anayekata siku ni yule aliyemchunguza mtoto, si yule aliyechoka benchi. Na mtoto mchanga, au aliyeshikwa na bakteria wa namna nyingine, huhitaji siku nyingi zaidi.

Na mtoto atokapo hospitali, hesabu haijafungwa. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba katika watu 5 wanaopona homa hii, mmoja hubaki na kilema cha kudumu: uziwi, kifafa, udhaifu wa viungo, au uzito wa kujifunza. Kwa hiyo masikio ya mtoto yapimwe kabla hajatoka au katika wiki chache zifuatazo. Uziwi ukijulikana mapema, mtoto hufundishwa lugha ya ishara hali akili yake ingali changa, au hupata chombo cha kumsaidia kusikia. Ukijulikana baada ya miaka mitano, mtoto huyo amekwisha kuitwa mkaidi, amekwisha kupigwa chuoni kwa kutoitikia, na kosa halikuwa lake.

Kinga

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na katika maradhi haya kauli yao imethibiti. Chanjo ya Hib iliingizwa katika chanjo za watoto Kenya mwaka 2001, na Uganda mwaka 2002. Katika miaka michache tu homa ya Hib, iliyokuwa ikijaza vitanda vya watoto, ikawa adimu. Chanjo ya numokoka ilifuata, Kenya mwaka 2011 na Uganda mwaka 2013. Ama meningokoka wa aina A, aliyekuwa akiupiga ukanda wote uanziao Senegal mpaka Ethiopia, na ambao kaskazini ya Uganda umo mwake, chanjo yake ilianza kutolewa Burkina Faso mwezi wa Desemba 2010. Tangu mwaka 2017 hakuthibitishwa mgonjwa hata mmoja wa aina hiyo katika ukanda huo. Lakini aina nyingine za meningokoka zingalipo, kwa hiyo hapana ruhusa ya kulala.

Mahujaji nao wanalo somo lao. Mwaka 1987 homa ya meningokoka ilitokea wakati wa Hija, na mahujaji wakarudi nayo makwao. Kijidudu cha ukoo ule ule kikaja kuleta mlipuko mkubwa mjini Nairobi mwaka 1989. Mwaka 2000 na 2001 ikatokea tena kwa mahujaji, mara hii kwa aina ya W. Ndiyo sababu Serikali ya Saudia haimpokei hujaji bila ya cheti cha chanjo ya aina nne. Asikione mtu cheti hicho kuwa ni usumbufu wa ofisi. Anayenunua cheti bila ya kuchanjwa huenda akarudi na maji ya Zamzam mkononi, na mauti ya mjukuu wake kooni.

Kadhalika, mgonjwa wa meningokoka akithibitishwa, watu wa nyumba yake hupewa dawa ya kinga, mathalan siprofloksasini. Wao si wagonjwa, lakini huenda wamemchukua kijidudu, basi wasiikatae.

Wajibu wa Jumuiya

Pana watu husema ya kwamba kumkimbiza mtoto hospitali ni upungufu wa tawakali. Hao wamesahau ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na ya kwamba alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Dua haikosani na sindano. Mama wa nyumba ya pili aliomba dua juu ya pikipiki, wala hakuna aliyesema ya kwamba dua yake ilikuwa na kasoro kwa sababu ilikuwa yenda mbio.

Basi Jumuiya iliyokwisha kujenga msikiti na chuo, yaweza kuongeza mambo matano yasiyo na ghali kubwa. La kwanza, kuweka fuko dogo la nauli ya usiku, ili asiwepo mzazi angojaye mapambazuko kwa kukosa pesa ya pikipiki. La pili, kila mwalimu wa chuo azijue dalili zilizotajwa, na azitaje mbele ya kina mama mara moja kila baada ya miezi mitatu. La tatu, kadi za chanjo ziulizwe mtoto aletwapo kuandikishwa chuoni, kama liulizwavyo jina la baba yake. La nne, wanachama wapokezane kuwatazama watoto na shamba la yule aliyelazwa na mwanawe, ili asilazimike kutoka siku ya tatu. La tano, watoto ambao maradhi haya yamekwisha kuwachukulia masikio yao wapewe nafasi mstari wa mbele chuoni, na apatikane mwalimu wa kujifunza ishara zao. Kwani wao nao wana haki ya kujua kusimama mbele ya Mola wao.

Mtoto ni amana. Mwenye kuwekewa amana haulizwi kama alilia ilipopotea. Huulizwa alifanya nini kabla haijapotea. Ukuta wa msikiti ukianguka hujengwa upya kwa mchango wa mwezi mmoja. Sikio la mtoto likiondoka halirudi, na mtoto mwenyewe akiondoka ndivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto walio vitandani, awape subira waliofiwa, awalipe kheri madaktari na wauguzi wakeshao, na aijalie Jumuiya hii iadhimishe sherehe nyingine nyingi, hali watoto wake wasikia adhana na kuiitikia.